Pikapu Inazima Ikishapata Joto: Kubadilisha Moduli ya Ford F-150 ya 1987 hadi 1991

Ndugu zangu wengi walioko Marekani hununua Ford F-150 ya zamani kwa sababu bei yake inabebeka na kazi inaiweza: kuhamisha vyombo, kukata majani, kubeba mbao za ujenzi. Ni gari zuri na gumu. Lakini lina ugonjwa mmoja ambao karibu kila mwenye nalo huja kukutana nao. Asubuhi linawaka bila shida. Unaendesha nusu saa, unaingia kwenye foleni au unasimama kujaza mafuta, na ghafla injini inakata. Unapiga starta, injini inazunguka vizuri, haishiki. Unafungua boneti, unasubiri dakika 20 au 30, unajaribu tena, na gari linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo watu huanza kumwaga hela. Wanabadilisha pampu ya mafuta, wanabadilisha koili, wananunua plagi za cheche na waya mpya, na gari bado linazima likipata joto. Kabla hujatoa dola yoyote, fungua boneti utazame ubavuni mwa distributa, kile chombo kinachogawa cheche kwa kila silinda, chini ya kifuniko chake. Utaona kidude cha plastiki, mara nyingi cha kijivu, kinachoingia kiganjani, kimefungwa kwa skrubu mbili na kina plagi ya waya 6 kwa chini. Hiyo ndiyo moduli ya kuwashia. Mafundi wa Marekani huiita TFI.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Ndani ya distributa kuna sensa inayohesabu mzunguko wa injini. Ishara ya sensa inapita kwenye moduli kwenda kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta inaamua plagi ichomwe lini, inarudisha amri, na moduli inakata umeme wa koili kwa wakati huo. Umeme ukikatwa ghafla, koili inatoa cheche. Moduli ikigoma hakuna cheche, na hata ukiwa na tenki lililojaa huendi popote.

Tatizo ni mahali ilipowekwa. Distributa imekaa kwenye injini yenyewe, na joto la injini linapanda moja kwa moja hadi kwenye moduli, ambayo nayo ina joto lake la kazi. Vipande vya umeme vilivyomo ndani vinapanuka na kusinyaa mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja vinaanza kuachia vikiwa vya moto na kushika tena vikipoa. Jambo hili lilifika hadi mahakamani: Oktoba 2000 jaji wa Kaunti ya Alameda, California, aliamuru Ford iyaite magari ya wateja yarudi kurekebishwa kwa sababu ya moduli hizi, na mwaka 2001 kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Kwa hiyo usidhani umeuziwa gari lenye mkosi.

Maelezo haya ni ya F-150 za 1987 hadi 1991 zenye injekta, iwe ile ya silinda 6 ya lita 4.9 au V8 za lita 5.0 na 5.8. Kwenye F-150 zilizofuata, za miaka ya 1990, Ford iliitoa moduli kwenye distributa ikaifunga kando, kwenye bamba lake la kupozea. Ukiikuta huko, umeponea kazi kubwa, lakini vipimo na mambo ya usafi nitakayoeleza ni yaleyale.

Hakikisha kwanza

Kipimo kinafanywa gari likiwa limezima kwa joto, palepale lilipogoma. Ukisubiri lipoe ndipo upime, kila kitu kitaonekana kizima na utarudi ulikoanzia. Weka ndani ya gari kifaa cha kupimia cheche, kile kinachobanwa kwenye waya wa plagi, pamoja na taa ya kupimia yenye klipu na ncha kali. Vyote viwili ni vya bei ndogo.

Gari likizima, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye Park au nyutro, chomoa waya mmoja wa plagi ya cheche na uupachike kifaa cha cheche. Mtu mwingine apige starta. Ukiona cheche kali za bluu, acha kabisa habari ya moduli ukatafute mafuta: pampu, rilei, fyuzi. Usishike waya kwa mkono mtupu ili kuona kama unapiga. Koili hii inatoa maelfu mengi ya volti, na mikono inaporuka karibu na feni inayozunguka, madhara yake ni makubwa kuliko ya shoti yenyewe.

Kama hakuna cheche, nenda kwenye koili. Zima ufunguo, chomoa plagi ya koili, kisha washa ufunguo bila kupiga starta. Kati ya waya mbili, mmoja utakuwa na volti 12: huo ndio chanya. Usipokuwa na umeme, tatizo liko kwenye swichi ya ufunguo au waya, hivyo moduli haihusiki. Ukiwa nao, zima ufunguo na urudishe plagi. Sasa bana klipu ya taa kwenye chanya ya betri, gusisha ncha yake kwenye ule waya wa pili wa koili, na starta ipigwe. Taa ikiwaka na kuzima haraka haraka, moduli inafanya kazi yake na wa kushukiwa ni koili, kifuniko cha distributa au roto, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko. Taa isipocheza, moduli haikati umeme.

Koili unaweza kuipima kwa mita. Kati ya pini zake mbili ndogo utegemee omu 0.3 hadi 1.0. Kati ya pini moja ndogo na tundu la waya mkubwa, omu 6,500 hadi 11,500. Ikiwa nje ya hapo, ibadilishe.

Inabaki kutofautisha moduli na sensa iliyo ndani ya distributa, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Sensa nayo hufa kwa joto, na dalili zake zinafanana kabisa na za moduli. Kuna kitaa kidogo cha kupachika kwenye plagi ya injekta. Maduka mengi ya vipuri huvikodisha. Kipachike, piga starta. Kikiwaka-waka wakati cheche hakuna, basi ishara ya sensa inafika kwenye kompyuta, na lawama inabaki kwa moduli. Kisipowaka, inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa moduli, kwa sababu ishara ya sensa inapita ndani ya moduli kabla ya kufika kwenye kompyuta. Katika hali hiyo chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, kikamue vizuri, ukibane kwenye moduli tu kwa dakika chache. Distributa yenyewe itakuwa bado ya moto. Gari likiwaka mapema kuliko kawaida yake, umempata mwizi.

Maduka makubwa ya vipuri ya Marekani hupima moduli bure juu ya kaunta. Usikubali wapime mara moja tu. Mwombe muuzaji arudie kipimo mfululizo mara nyingi, mpaka moduli ipate joto mkononi, kwa sababu ikiwa baridi hata moduli mbovu hupita. Na ikipita baada ya kurudia, bado mimi ningeamini zaidi kile kipimo cha barabarani.

Kununua

Kuna moduli za kijivu na kuna nyeusi. Plagi inaingia kwenye zote mbili na skrubu zinakaa, lakini ndani hazifanani: pini moja ina kazi tofauti. Nunua ya rangi ileile uliyoitoa, na uitaje pikapu yako kwa mwaka na ukubwa wa injini. Kama unashuku kuwa mwenye gari wa kwanza aliweka isiyo yake, mwambie muuzaji aangalie kwenye kitabu chake badala ya kufuata rangi.

Kuhusu chapa, nunua Motorcraft, chapa ya vipuri ya Ford yenyewe, ikipatikana, au nyingine yenye jina ambayo duka linaidhamini. Moduli za bei ya kutupa zipo tele, na baadhi hufa mapema tu. Kazi ya kuifikisha mkono pale ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Usiitupe ya zamani hadi umalize majaribio yote.

Vifaa vingine: soketi ndefu yenye ukuta mwembamba ya milimita 5.5 au inchi 7/32, bisibisi, spana ya 13 au inchi 1/2 kwa bolti ya distributa, kitambaa safi, spreyi ya kusafishia breki, chaki au rangi nyeupe ya kuwekea alama, na taa ya taimingi, yaani ya kupimia wakati plagi inapochomwa. Soketi hiyo nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya moduli hizi. Soketi ya kawaida ina ukuta mnene unaogonga mwili wa distributa, na ukilazimisha unaviringisha kichwa cha skrubu.

Nunua pia griisi ya kupitisha joto, ile nyeupe au ya kijivu inayopakwa kwenye prosesa za kompyuta. Kwenye boksi la moduli kuna kipakiti cha griisi, na mara nyingine huwa ni ile inayoonekana kama jeli, ya kuzuia unyevu kwenye plagi za umeme. Hiyo ni nzuri kwa plagi za waya. Kwa kuondoa joto naamini zaidi hii nyeupe. Griisi ya bearingi isikaribie hapo kabisa.

Kuitoa

Subiri injini ipoe. Hii si kazi ya kuharakisha ukiwa umeegemea bomba la moto, na plastiki yenye joto hupasuka ovyo. Toa waya hasi wa betri. Ondoa bomba la hewa lililo juu ya distributa ili upate nafasi ya mkono na ya macho.

Kifuniko cha distributa kinashikiliwa na skrubu au klipu. Kifungue na ukiweke kando pamoja na waya zake zote bila kuchomoa hata mmoja. Ukilazimika kuzichomoa, weka alama kila waya, maana mpangilio wa kuchoma wa lita 5.0 si sawa na wa lita 5.8. Ukishakifungua, tazama ndani: pini zilizoliwa, ufa mweusi mwembamba kama unywele, au roto yenye ncha iliyochomeka. Ukiona hivyo, badilisha kifuniko na roto sasa hivi.

Chomoa plagi ya moduli. Ina kikufuli, bonyeza kisha vuta plagi yenyewe kwenda chini, usivute waya. Kama ina vumbi na mafuta, ipulize kwa spreyi kwanza.

Legeza zile skrubu mbili kwa soketi yako. Kwenye baadhi ya injini skrubu zote mbili zinafikika, kwenye nyingine moja imejificha upande wa pili. Kama haifikiki, chora mstari mmoja unaovuka kutoka mwili wa distributa hadi kwenye injini, legeza bolti ya chini ya distributa bila kuitoa, na uizungushe distributa kiasi mpaka skrubu ijitokeze. Ukimaliza, irudishe mstari ukutane na mstari.

Sasa fika hapa polepole. Moduli imeungwa na distributa kwa pini 3 nyembamba zilizosimama upande wa juu wa moduli, zinazoingia kwenye tundu lililo chini ya bakuli la distributa. Huwezi kuivuta moduli kuja kwako kama unavyofungua kifuniko cha betri ya rimoti. Ukifanya hivyo, pini zitapinda na kukatikia ndani, na tundu lile ni sehemu ya sensa. Ukiliharibu unanunua distributa nzima. Iteleze moduli kwanza kuelekea chini, ikiwa bado imelala juu ya uso wake. Ikinata kwa griisi iliyokauka, isukume kwa kidole gumba upande wa kulia, halafu kushoto, kidogo kidogo. Utasikia pini zikiachia. Zikishatoka zote 3 ndipo uinyanyue.

Usafi na kuirudisha

Chunguza uso wa chuma moduli ilipokuwa imekaa. Mara nyingi utakuta mabaki makavu kama chokaa, na sehemu nyingine chuma kitupu kabisa pasipo griisi. Hapo ndipo joto lilipokwama. Lowesha kitambaa kwa spreyi na usugue mpaka chuma kiwe cheupe na kisibakie punje yoyote. Usitumie msasa wala tindo: mkwaruzo unaacha mwanya, na kwenye mwanya joto halipiti. Tazama na lile tundu la pini kwa tochi. Likiwa na kutu ya kijani au limelegea, usiendelee. Tatizo lako ni kubwa kuliko moduli.

Paka griisi ya joto kwenye bamba la chuma lililo mgongoni mwa moduli mpya. Safu iwe nyembamba, isifike milimita 1, na ienee hadi pembeni. Griisi nyingi haisaidii, inabaki katikati kama godoro na kuzuia chuma kugusana na chuma. Pini zisiguswe na griisi hii.

Weka moduli juu ya uso wake, chini kidogo ya mahali pake pa mwisho. Panga pini 3 zitazame tundu, kisha isukume juu kwa mkono. Inapaswa kuingia kwa ulaini na kufika mwisho. Ukihisi inagoma, rudi nyuma uangalie pini iliyopinda. Usitumie skrubu kuivutia mahali pake.

Funga skrubu kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa zamu. Kiwango ni nyutonimita 1.7 hadi 4, ambacho kwa mkono ni kukaza kwa kishikio cha bisibisi bila kutumia racheti. Rudisha plagi mpaka kikufuli kilie, kisha roto, kifuniko na bomba la hewa. Waya wa betri uwe wa mwisho.

Ikibidi distributa itoke

Baadhi ya magari hayakupi njia nyingine. Kabla ya kuigusa, zungusha injini mpaka silinda namba 1 ifike juu kwenye mgandamizo na roto itazame waya namba 1. Weka alama ya kuelekea kwa roto, na ule mstari wa kati ya distributa na injini. Toa bolti na ivute distributa juu taratibu. Utaona roto ikijizungusha kidogo, kwa kuwa gia yake ina meno ya mshazari. Weka alama ya pili mahali roto iliposimama. Wakati wa kurudisha, anza na alama ya pili, na ikishuka itaishia kwenye ya kwanza. Tangu inatoka mpaka inarudi, mtu yeyote asipige starta wala kuzungusha injini.

Taimingi

Kama uligusa bolti ya distributa, hata kwa kuizungusha kidogo tu, pima taimingi. Washa injini ipate joto la kawaida, izime. Karibu na distributa, kwenye waya zake, kuna kiplagi kidogo cha peke yake kinachochomoka. Kichomoe: hapo kompyuta haitaweza tena kusogeza taimingi. Washa injini, mulika taa ya taimingi kwenye puli. Inatakiwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, na kibandiko kilicho chini ya boneti kitakuthibitishia cha gari lako. Zungusha distributa mpaka ifike, kaza bolti, pima tena kwa kuwa kukaza huisogeza. Zima, rudisha kiplagi. Watu hukisahau, kisha wanalalamika gari halina nguvu na linakula mafuta.

Majaribio

Usiridhike na kuwaka tu. Hata moduli mbovu ilikuwa inawaka asubuhi. Liache gari likiunguruma palepale mpaka sindano ya joto itulie, kisha liendeshe kwenye mazingira yaleyale yaliyokuwa yanalizima: foleni, mchana wa jua, mzigo nyuma. Zima kwa dakika 10 kisha uwashe, maana joto hupanda zaidi injini ikiwa imesimama na feni haipepei.

 

Gari likizima tena baada ya yote haya, na kile kitambaa baridi sasa hakisaidii chochote, basi ni sensa ya ndani ya distributa. Kuibadilisha peke yake kunataka kutoa gia kwenye shafti kwa presi na kugonga pini, kazi ambayo bila vifaa ni rahisi kuiharibu. Ningenunua distributa nzima iliyofanyiwa ukarabati. Nyingi huja na sensa mpya tayari, na nyingine na moduli pia. Ikija na moduli, ifungue kabla hujaifunga garini utazame kama ina griisi mgongoni, kwa sababu zipo zinazotoka kiwandani zikiwa na tone moja tu katikati. Safisha, paka upya, ndipo uifunge.